Gauni la Njano la Tatu

Fundi Chaki hakuwa mtu wa kusahau. Ukimpa kiuno chako mara moja, hata ukirudi baada ya miaka mitatu ukisingizia kwamba sketi ilinywea kwenye maji, atakutazama juu ya miwani na kukuambia ulikuwa sabini na nne, sasa sema ukweli kazi iendelee. Kila kipimo alikiandika kwenye daftari lenye jalada gumu la kijani, na tarehe pembeni. Chaki ilikaa nyuma ya sikio lake la kulia kutwa nzima, mpaka nywele za upande huo zikaonekana zimezeeka kabla ya zile za upande wa pili. Jina lilitokea hapo.

Kuna mambo, lakini, ambayo hakuyaandika kwa sababu hayakuhitaji daftari. Moja ni hili. Siku mumewe alipofungasha masanduku na kuhamia kwa mwanamke mwingine, Fundi Chaki alikwenda kwa kaka yake, akaketi kwenye kigoda cha jikoni, akalia. Alilia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, kamasi mpaka kidevuni, akijifuta kwa aproni aliyokuja nayo kutoka kazini. Alidhani yuko kwao. Hakujua kwamba wifi yake, mke wa kaka, ameegemeza simu kwenye kopo la sukari.

Kaka na mkewe walikuwa na chaneli ya familia, Nyumba Yenye Kicheko. Watu laki mbili waliwafuata wakiamka, wakipiga mswaki, wakigombania nani kaacha dawa ya meno wazi. Kaka alishika kamera, wifi alishika maneno, na nyota alikuwa binti yao wa miaka tisa, ambaye laki mbili wote walimwita Kipepeo. Siku tatu baada ya kilio cha jikoni, video ikatoka. Iliitwa Machozi ya Wifi Yangu, na kinanda cha huzuni kilipigwa chini yake.

Wateja wakaanza kuja na nyuso za msibani. Mzee mmoja aliyeleta suruali ya kupunguzwa alimwambia pole binti yangu, nilikuona, na wakati wote aliopimwa alikuwa akimtazama kidevu, sijui akitafuta nini. Fundi Chaki akaenda kwa wifi kuomba video ile iondolewe. Wifi akamshika mikono yote miwili.

"Wifi yangu, mbona unaogopa kupendwa? Soma maoni. Watu wanakupenda."

Kaka alikuwa palepale, akikagua vidole vyake vya miguu kama vile ni mara ya kwanza kuviona.

Fundi Chaki akarudi kwenye cherehani yake, akatunga uzi, akasema moyoni iko siku. Kilichowashangaza watu ni kwamba aliendelea kuishonea nyumba ile ile. Jirani yake, muuza vioo, alimuuliza ana moyo wa namna gani. Akajibu kwamba adui ukimshonea nguo, unajua panapombana.

Miezi kumi na minne ikapita. Ndipo akatokea Msemakweli.

Huyu Msemakweli alikuwa mtu wa ndevu na kitambaa cheusi nyuma yake, na kazi yake ilikuwa kuzichambua chaneli za familia. Alisema mtoto si kipindi. Alisema mtoto wa miaka tisa hawezi kukubali kurekodiwa kwa sababu hajui anakubali nini. Fundi Chaki, akipiga pasi, alimwitikia kila sentensi kama mtu aliye ibadani. Siku ile Msemakweli alipoigeukia Nyumba Yenye Kicheko, fundi alifunga mlango, akageuza kibao, akaketi kwenye lundo la vitambaa vya kushonwa, akala video nzima kama mtu aliyeshinda njaa.

Video ile iliihusu ile nyingine iliyopendwa kuliko zote, ya Kipepeo kuanguka kwenye ngazi akiwa na gauni la njano. Mama wa chaneli alidai kila kitu kilitokea siku moja. Msemakweli alisimamisha picha, akachora duara jekundu dirishani. Asubuhi, ukuta wa jirani unaoonekana nje ulikuwa umepakwa rangi ya buluu nusu tu. Alasiri ya siku iyo hiyo, ukuta ulikuwa umekamilika, na chungu cha maua kimetundikwa juu yake. Alimtafuta hata mpiga rangi wa ukuta ule. Mpiga rangi akasema kati ya picha hizo mbili kuna siku kumi na mbili.

Hapo Fundi Chaki alijipiga kofi gotini kwa furaha. Kisha Msemakweli akaendelea: kwa hiyo mtoto huyu amevaa gauni moja siku kumi na mbili, bila kubadilishwa, bila kuogeshwa.

Akairudisha video nyuma, akasikiliza tena. Hebu fikiria akili ya binadamu ilivyo: mtu amehesabu siku sawasawa mpaka kwa chungu cha maua, halafu akakosea nguo.

Kwa sababu magauni ya njano yalikuwa matatu. Nani angejua kuliko aliyeyashona?

Mawili ya mwanzo yaliagizwa pamoja, tarehe mosi, yakifanana mpaka idadi ya vifungo. Nyumba Yenye Kicheko ilikuwa na desturi hiyo: siku moja ya video ilirekodiwa siku tatu au nne, na mtoto humwaga juisi, kwa hiyo kila nguo ya Kipepeo ilikuwa na pacha wake. Hilo halikumsumbua Fundi Chaki. La tatu ndilo lililomsumbua. Tarehe kumi na nne wifi alikuja na lile la kwanza kwenye mfuko wa plastiki. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umechanika kiwikoni, kisha ukakatwa wote kwa mkasi mpaka begani. Alitaka jipya, na alitaka lichanwe pale pale kiwikoni, mchaniko ule ule. Alisema ni la kuigizia kidogo tu. Alikuwa amejaribu mwenyewe kwa mkasi kwenye kitambaa kingine, akaona tundu limetoka kama dirisha.

Na Fundi Chaki, Mungu amsamehe, hakuuliza. Alinogewa na kazi. Alichana kwa wembe, akasugua kingo kwa msasa, akavuta nyuzi moja moja kwa sindano mpaka mchaniko ukaonekana umetoka kwenye saruji. Hata wifi alipolishika alisema, "Lo." Lile la kwanza lililokatwa likabaki chini ya meza ya kukatia, na wifi akasahau kulichukua.

Ukweli ulikuja mwezi mmoja baadaye, Kipepeo alipoletwa kupimwa sketi za shule. Futi ya kupimia ilipogusa kiwiko, mtoto akauvuta mkono, ingawa kidonda kilikwishapona na kubaki kovu jembamba.

"Bado panauma?"

"Hapana, Shangazi. Nimezoea tu." Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayesimulia alama za mtihani, "Mara ya nne ndiyo nililia vizuri. Baba alisema ya nne ndiyo nzuri."

Polepole, kipimo baada ya kipimo, yakatoka yote. Alianguka kweli tarehe tatu, na hakuna aliyerekodi, kwa sababu baba alikuwa anabadilisha betri. Muuguzi ndiye aliyeukata mkono wa gauni ili aoshe kidonda. Kidonda kilipokauka, wakamwekea godoro chini ya ngazi, akaanguka tena, na tena, akiwa na gauni la pili. Halafu wakamvalisha la tatu, wakabandika plasta juu ya kovu, akalia mara nne. Siku ile Fundi Chaki aliandika bega thelathini na moja, kiuno hamsini na nane, na chaki ikamvunjikia mkononi.

Sasa mwelewe. Silaha aliyoisubiri miezi kumi na minne ilikuwa imefika, na ilikuwa imepinda.

Mtaani hapakuwa na mazungumzo mengine. Mama mmoja aliyeleta zipu alisema watu wanawauza watoto wao mchana kweupe. Mwenzake aliyekuja kuchukua mapazia akasema huo ni wivu, kwani wewe nani kakuzuia kuwa na chaneli. Walibishana mpaka pasi ikapoa. Jambo moja tu walikubaliana wote wawili, nalo ni kwamba mtoto yule ananuka.

Fundi Chaki alimwandikia Msemakweli. Aliandika taratibu, kama anayekata kitambaa cha harusi: magauni ni matatu, mtoto ni msafi, kosa lao ni kubwa kuliko hilo ulilolisema, nina tarehe zote, sahihisha kabla hawajakusahihisha. Jibu likaja upesi.

"Mama, asante. Ila magauni matatu yatawachanganya watu. Gauni chafu linaeleweka. Wewe si ndiye fundi wao? Nitumie sauti useme lilivyonuka ulipoletewa kulitengeneza. Sekunde ishirini tu. Tutawamaliza."

Tutawamaliza. Neno hilo alikaa nalo mchana mzima, akilizungusha mdomoni kama kipande cha uzi. Akilini alimwona wifi akiyakimbia maoni. Alimwona mzee wa suruali akimtazama mwingine kidevu. Sekunde ishirini. Alibonyeza kitufe cha kurekodi, akavuta pumzi, akasema, "Mimi ni fundi, na gauni lile..." Aliangalia daftari la kijani lililofunguka mezani. Hakuwahi kumwambia mtu wa tisini kwamba yeye ni themanini, hata wale waliomwomba. Alifuta sauti. Si huruma iliyoifuta. Aliona tu kwamba kisasi kilichokatwa kwa kipimo cha uongo kingepwaya, na wifi angekivua kwa dakika moja, akakitundika ukutani kama taji.

Na ndivyo ilivyotaka kuwa. Siku mbili baadaye wifi akapanda ngazi tatu za karakana ya fundi, amevaa miwani mikubwa, ameshika keki.

"Wifi yangu, umesikia wanavyotuchafua. Wewe ndiye shahidi wangu. Jumamosi saa tisa tunakuwa laivu. Njoo na lile daftari lako useme magauni ni mangapi. Nitaonyesha lile la pili, watu waone lilivyo safi. Utanikatalia?"

"Nikukatalie nini, wifi. Nitasema yaliyoandikwa."

Wifi akambusu shavuni. Alipoondoka, Fundi Chaki aliinama chini ya meza ya kukatia, akavuta mfuko wa plastiki, akakung'uta vumbi. Keki akampa muuza vioo.

Jumamosi alipiga pasi gauni lake la kijivu mara mbili. Sebule ya kaka ilikuwa na joto la taa ya duara, na kochi lilisogezwa ili ukuta wenye picha za familia uonekane. Kipepeo alikaa katikati, nywele zimebanwa mpaka nyusi zimepanda. Fundi Chaki alikaa kulia kwake, wifi kushoto. Kaka alisimama nyuma ya simu na kuhesabu kwa vidole: tatu, mbili, moja. Idadi ya watazamaji ilianza kupanda pembeni mwa kioo, elfu nne, elfu sita.

Wifi alisema mengi kuhusu chuki na jinsi mama anavyoumia. Kisha akageuka, uso umelainika.

"Huyu ni wifi yangu, fundi wetu. Hebu waambie watu, nilikushonesha magauni mangapi ya njano?"

Fundi Chaki alifungua daftari kwenye magoti. "Matatu."

"Mmesikia. Matatu."

"Huyo Msemakweli alisema moja. Amekosea, na nilimwambia amekosea, akakataa kusahihisha. Mtoto huyu anaogeshwa, na nguo zake zinanukia sabuni. Hilo naapa."

"Asante, wifi. Sasa tuendelee na..."

"Sijamaliza. Umeniuliza mangapi. Hujaniuliza ya nini."

Aliingiza mkono kwenye ule mfuko wa plastiki aliokuja nao, akatoa lile gauni lenye mkono uliokatwa, akalitandaza juu ya daftari. Doa la damu lilikuwa limegeuka rangi ya chai. Wifi alicheka kidogo, akasema fundi wetu ana utani. Kipepeo aliacha kuitazama simu, akalitazama gauni.

"Hili ni la kwanza. Lilichanika kweli, tarehe tatu, na kamera haikuwepo. La pili liliangushwa tena na tena kwenye godoro, likakataa kuchanika. La tatu nililichana mimi, tarehe kumi na nne, kwa wembe na msasa, kwa mikono hii, nikafurahia kazi yangu. Kilio mlichokiona kwenye video ni cha tarehe kumi na tano, na kidonda kilikuwa kimeshakauka. Tarehe ziko hapa. Anayetaka kunitukana kwa kushona uongo ule anitukane, ninastahili. Lakini asiseme mtoto ananuka."

Kaka alikuwa na kidole juu ya kioo, kwenye kile kitufe chekundu, na kidole hakikushuka. Kama ni aibu iliyomgandisha au ni ile idadi iliyokuwa inapanda, elfu kumi na tisa, elfu ishirini na tatu, dada yake hakuwahi kujua, na hakuwahi kumuuliza.

Wifi akaanza kulia. Hakikuwa kile kilio cha kwenye video zake, cha tone moja linaloshuka taratibu. Kilikuwa cha kweli, cha kukunja uso, na pua ikafuata. Alijifunika kwa mikono. Akamwambia mumewe, kwa sauti iliyobanwa, akate.

"Usikate, kaka," Fundi Chaki akasema. Alisema kwa upole kabisa, upole alioupiga pasi miezi kumi na minne. "Watu wanayapenda machozi. Wifi, utasoma maoni."

Akafunga daftari, akavaa viatu vyake mlangoni, akaondoka. Njiani alinunua uzi mweusi aliokuwa ameishiwa. Alikuwa anatabasamu, na muuza uzi akamuuliza kama kuna sherehe.

Ungependa niseme kila kitu kikanyooka, lakini si kila kitu kilinyooka. Ndani ya wiki moja kaka aliondoa video zote zenye mtoto, na ile ya machozi ya jikoni ikaenda nazo. Chaneli ikabaki na wifi peke yake akipanga kabati. Msemakweli naye akatoa kipindi kirefu chenye kichwa cha habari Nilisema, akijipongeza kwa jicho lake kali, na gauni chafu hakuligusa kwa neno moja, wala la kulikana wala la kuomba radhi. Mpaka leo wapo wanaosema yule mtoto alikaa siku kumi na mbili bila kuoga. Fundi Chaki anamwandikia Msemakweli kila Jumatatu, kabla hajafungua mlango, ujumbe uleule: gauni lilikuwa safi. Hajajibiwa. Yumo kwenye orodha, na fundi hana haraka.

Alhamisi moja, baada ya shule, Kipepeo aliingia karakana akiwa na sare na begi mgongoni. Hakuamkia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama mbele ya cherehani mpaka shangazi yake akainua mguu kwenye kanyagio.

"Ungeniuliza kwanza," akasema.

Fundi Chaki alitoa sindano midomoni. "Kuhusu nini?"

"Ulisema mambo yangu kwa watu wote wale. Nilikuwa nimekaa pale pale."

Fundi alikuwa na majibu mengi, yote ya kumjibu wifi. "Ningekuuliza, ungekataa?"

"Sijui. Ndiyo maana watu huuliza."

Muuza vioo alikuwa anakata kioo upande wa pili wa ukuta, na ile sauti ya kukwaruza ilipita katikati yao, ikaisha. Fundi Chaki alisema, "Kweli. Nimekosea. Sikukuuliza." Mtoto aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepimwa na kukuta kipimo ni sahihi, kisha akavua begi, akalifungua, akatoa gauni la njano lililokunjwa. Lilikuwa lile la tatu.

"Nimelitoa kwenye kabati. Mama hajui. Nipe mkasi."

"Ule mkubwa?"

"Ule mkubwa."

Akampa. Mkasi ulikuwa mzito, Kipepeo akautumia kwa mikono miwili. Alianzia kwenye pindo, akakata kwenda juu, ulimi ukitokeza kwenye kona ya mdomo. Alikata sketi vipande, akakata kiuno, akakata kola. Vifungo alivikusanya kimoja kimoja akavitia kwenye bati la vifungo, kwa sababu vifungo havina kosa. Fundi Chaki alichukua vipande akavipanga juu ya kichwa cha cherehani, vya kupangusia mafuta ya mashine, na alivipanga kwa raha, akimwona wifi ndani ya kila kimoja.

Ukabaki mkono wa kushoto. Kipepeo aliushika mbele ya dirisha, mwanga ukapita kwenye ule mchaniko wa kiwikoni, nyuzi zake zimesimama moja moja kama zilivyovutwa.

"Umeuchana vizuri kweli, Shangazi," akasema. Akamrudishia mkasi, na ule mkono juu yake. "Huu malizia wewe. Wewe ndiye uliyeuanza."